Weka Sahihi Hapa

Jioni hii nazungumza nanyi kutoka Fedha, hapa Embakasi, mtaa ambao jina lake humfanya mgeni adhani tunaokota noti barabarani. Hatuokoti. Tulichonacho ni vumbi la Outering, matatu za namba 33 zinazopiga honi kabla jogoo hajaamka, na ndege zinazoshuka JKIA zikiwa chini kiasi cha mtu kukatiza maneno yake mpaka zipite. Na kliniki tunazo. Ukitembea kutoka steji hadi kwangu, mwendo wa dakika kumi, utapita maduka ya dawa, maabara za kupima damu, kliniki za kina mama, daktari wa meno na wa macho. Damu nyingi hutolewa mtaani humu kila siku, na karatasi nyingi hutiwa sahihi.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kliniki moja upande huu wa Eastlands. Jina la kliniki nitaliacha huko huko liliko. Sukari ilikuwa imempanda. Alipokwisha kupimwa akaletewa karatasi za kurasa nne, Kiingereza kitupu, zimebanwa kwa pini. Muuguzi akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Mama, weka sahihi hapa. Ni ya kawaida tu."

Shangazi akatoa miwani kwenye kibeti, akaifuta kwa leso, akaivaa. "Inasema nini?"

"Ni mambo ya utafiti, mama. Damu ni ile ile uliyokwisha kutoa. Haina shida."

Nyuma yetu benchi lilikuwa limejaa, mtoto analia, na yule binti wa watu nadhani hakuwa ameketi tangu asubuhi. Simlaumu sana. Shangazi akazikunja zile karatasi, akazitia kibetini, akasema atazisoma nyumbani. Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeona mgonjwa anabeba kiti. Fomu haziendi nyumbani! Lakini hii ilikwenda.

Ndani ya matatu shangazi akaniambia neno ambalo ndilo lililonileta kwenye maikrofoni hii. "Mwanangu, nikikopa elfu tano kwenye chama nasomewa masharti kwa sauti mbele ya watu kumi na wanane, na mdhamini wangu ameketi hapo hapo anasikia. Leo wanataka damu yangu, na masharti sisomewi?"

Elimu inayomhusu shangazi yangu ina jina. Wataalamu huiita bayoethiki. Kwa lugha ya nyumbani tuseme maadili ya tiba na utafiti: nani anaruhusiwa kuugusa mwili wako, kwa sababu gani, akueleze nini kabla hajakugusa, na kikipatikana kitu cha thamani humo, nani ale. Ukimuuliza mtu wa chuo kikuu atakuambia elimu hiyo imekua nchini Kenya, naye atakuwa amesema kweli. Zamani si mbali sana, Mkenya aliyetaka kuisomea alifunga safari hadi Cape Town au Baltimore. Mwaka wa 2005 UNESCO ikapitisha azimio lake la dunia kuhusu bayoethiki na haki za binadamu, na mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kikawa mwenyeji wa kozi ya kuwafunza walimu wa somo hilo. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kikashikana mikono na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na mpango huo ukazaa shahada ya uzamili ya maadili ya utafiti wa afya. Mtu akaweza kusomea mambo haya pale Eldoret, akila ugali wake wa kawaida.

Sheria nazo zikafuata. Katiba ya 2010 ikaweka haki ya afya katika kifungu cha 43, na faragha katika kifungu cha 31. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 ikaunda NACOSTI, tume ambayo mtafiti hawezi kufanya kazi nchini bila leseni yake. Na kama utafiti unahusu binadamu, lazima kwanza upite kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Ndani ya kamati hizo huketi madaktari, wanasheria, na pia mtu asiye mwanasayansi, mtu kama mimi na wewe, wa kuuliza maswali ya kijinga. Maswali ya kijinga ndiyo huokoa watu.

Basi imekua. Tatizo langu ni namna ilivyokua. Imekua kama ghorofa za Pipeline, jirani zetu hapa: zinapanda haraka, na aliye chini haoni jua. Anayeandika fomu amefundishwa. Anayeipitisha fomu amefundishwa. Anayeitia sahihi amefundishwa na nani?

Ajabu ni kwamba somo lenyewe lilianzia chini, na tena lilianzia huku kwetu Eastlands, kabla chuo chochote hakijalifungulia darasa.

Wazee wa Nairobi ya mkoloni walikuwa na hadithi za wazimamoto, kwamba watu wa gari la zimamoto huwakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu. Pwani jina lilikuwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizo katika Afrika Mashariki, Nairobi ikiwamo, akaziandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 2000. Tunaweza kuzicheka. Mimi nikizisikiliza nasikia lalamiko la mtu aliyepangwa foleni, akachomwa sindano, akatolewa damu, na hakuna aliyemweleza inakwenda wapi. Asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na maelezo yake huwa na meno.

Kisha Majengo. Si mbali, ni safari ya matatu moja kutoka hapa. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono kule Majengo, Pumwani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1986 ulionyesha kuwa katika wanawake wa kipato cha chini waliopimwa Nairobi kwenye biashara hiyo, karibu theluthi mbili walikuwa na virusi vya UKIMWI. Fikiria habari hiyo wakati ule, dawa hakuna, na hofu imejaa nchi nzima. Aliyewakusanya wanawake wale ni muuguzi, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa. Hakuanza na fomu. Aliitisha baraza. Wanawake wakaketi, wakasikia, wakauliza, wakaambiana wao kwa wao. Kama kuna mtu anataka kuandika historia ya elimu hii Kenya, namshauri aanzie kwenye lile baraza la Majengo. Shahada zilikuja baadaye.

Wanawake wale walitoa damu miaka nenda miaka rudi. Ikaonekana kwamba wachache kati yao hawaambukizwi, ingawa walikuwa wakikutana na virusi mara kwa mara. Dunia ikasisimka. Wanasayansi wa Nairobi na wa Oxford wakaanza kutengeneza chanjo kutokana na kilichoonekana kwenye miili yao. Na hapo, mwaka wa 2000, kabla hata sindano ya kwanza haijachomwa Nairobi, ikajulikana kwamba wenzetu wa Uingereza wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, na majina ya Wakenya hayamo. Nairobi ikaja juu. Magazeti yakawaka. Majaribio yakaanza mwaka wa 2001, na miaka michache baadaye chanjo yenyewe ikaonekana haina nguvu ya kutosha, ikaachwa.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Ugomvi ulikuwa wa haki, siupingi. Lakini uligombanisha nani na nani? Msomi wa Oxford na msomi wa Nairobi. Mwenye damu alikuwa Majengo anatafuta kodi ya nyumba.

Ilipita miaka kumi na mitano kabla mwenye damu hajasogezewa kiti. Kati ya 2015 na 2018 mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uitwao TRUST, uliwashirikisha wanawake wa biashara ya ngono wa Nairobi pamoja na watu wa jamii ya Wasani wa Afrika Kusini. Ukatoka nao mwongozo wa kimataifa wa kufanya utafiti kwa watu wasio na uwezo, na msingi wake ni maneno manne: haki, heshima, kujali na uaminifu. Umeyasikia? Mama mboga wa hapa steji hahitaji kamusi kuyaelewa. Ndiyo maana huwa sikubali ninapoambiwa kwamba mambo haya ni mazito mno kwa mwananchi. Yanafanywa mazito.

Uzito mwingine uko kwenye lugha. Twende Kilifi kidogo. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza wana kituo cha utafiti pale tangu mwaka wa 1989, na kimekaa ubavuni mwa hospitali ya serikali. Kwa miaka mingi watu wengi waliona kitu kimoja tu: hospitali. Mtoto akiingizwa kwenye utafiti, mzazi anajua mwanawe anatibiwa. Na usimcheke, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinamtega. Daktari akisema "tunataka kufanya uchunguzi," mzazi anasikia vipimo vya ugonjwa wa mwanawe. Hasikii kwamba kuna swali la kisayansi linaulizwa ambalo jibu lake huenda likamfaa mtoto wa mtu mwingine, miaka kumi ijayo, au lisimfae yeyote.

Watu wa Kilifi walilijua tatizo hilo na wakalishughulikia, na hapa nawapa heko. Walianzisha utaratibu wa wanavijiji kuchagua wawakilishi wao, watu wa kawaida, wanaokutana na watafiti, wanabeba habari huku na huku, na wanaleta uvumi mezani kabla haujawa moto. Wanafunzi wa sekondari huingia maabara wakaona damu inafanyiwa nini. Aprili 2020, wataalamu wawili wa Ufaransa walipozungumza kwenye televisheni kuhusu kuijaribu chanjo ya kifua kikuu kwa Waafrika dhidi ya korona, bara zima lilichemka, na lilikuwa na haki ya kuchemka. Baadaye mwaka huo huo chanjo ya korona ya Oxford ikaanza kujaribiwa Kilifi. Kazi ya kueleza ilikuwa imeanza zaidi ya miaka kumi kabla yake.

Nairobi hatuna subira ya namna hiyo. Sisi ni watu wa tangazo. Mwaka wa 1990 Rais Moi mwenyewe aliitangazia nchi dawa ya UKIMWI iliyofanyiwa kazi na KEMRI, Kemron, na kila mtu akaona mlango umefunguka. Majaribio yaliyofuata kwingineko hayakuthibitisha kwamba inafaa. Mwaka wa 1996 ikaja nyingine, Pearl Omega. Wenye wagonjwa nyumbani walikumbuka tangazo. Ushahidi hawakuwahi kuonyeshwa ukoje.

Sasa niwalete kwenye jambo la juzi, ambalo vijana wangu hapa Fedha watalikumbuka bila kusaidiwa. Julai 2023, mradi wa kidijitali uitwao Worldcoin. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mara hii mwenye macho aliambiwa: tazama ndani ya mpira huu. Mpira wa kung'aa unapiga picha ya mboni ya jicho lako, nawe unapata sarafu za kidijitali ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 7,000. Foleni pale KICC ilikuwa ya kutisha. Mamia ya maelfu ya Wakenya wakajiandikisha. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya miili ya Wakenya ifutwe, ikisema pamoja na mengine kwamba ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa ridhaa halali.

Nilimsikia bwana mmoja kwenye redio akiwaita vijana wale wajinga. Mimi sikubali. Kijana aliyekwama na kodi tarehe 5, mwenye nyumba anabisha mlango, elfu saba anazijua kazi zake. Alipiga hesabu. Kilichokosekana kwenye hesabu ni upande mmoja: hakuna aliyewahi kumwambia thamani ya jicho lake kama alama, kwamba nywila ukiibiwa unabadilisha, mboni hubadilishi. Hilo halifundishwi shuleni. Tunawafundisha watoto sehemu za jicho, lenzi, retina, wanachora na kuweka majina vizuri kabisa, na hakuna anayewauliza: je, mtu akitaka kulinunua?

Na hapo jina la mtaa wetu linanirudia. Fedha. Elimu hii ya maadili imelipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za watu. Eldoret palikuwa na fedha za Marekani, kutoka taasisi ya Fogarty. Kilifi kuna Wellcome. Egerton palikuwa na UNESCO. Nawashukuru wote, nasema kwa moyo. Lakini Januari 2025 tuliona Marekani ikifunga bomba la misaada ndani ya siku chache, na utafiti uliokuwa ukilipiwa na USAID katika nchi mbalimbali za Afrika ukasimamishwa ukiwa njiani, washiriki wakiwa bado wanatumia dawa na vifaa walivyopewa. Mtu uliyemwambia "ukitaka kujitoa, jitoe wakati wowote" akaachwa kabla yeye hajajitoa. Fomu zetu zina kifungu cha mshiriki kuondoka. Sijaona zinazomweleza vizuri itakuwaje mfadhili akiondoka.

Nani atalipia kumfundisha shangazi? Mimi naamini haihitaji mamilioni. Tunao wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba hadi nyumba na mikoba yao tangu 2023. Wanatufundisha kunawa mikono, kupima shinikizo la damu, kupeleka watoto chanjo. Waongezewe somo moja la namna ya kuisoma fomu. Wauguzi wanaofundishwa chuo cha tiba cha KMTC wafanyiwe mtihani wa kueleza utafiti kwa Kiswahili cha mtaani, kwa dakika tano, mbele ya mama ambaye hakufika darasa la nane, na mama huyo ndiye atoe alama. Na kila kamati ya maadili inayopitisha fomu ya Kiingereza kwa utafiti wa Eastlands ijiulize inampitishia nani.

Na vyama, wasikilizaji! Hapa Fedha sijui mtu mzima asiye kwenye chama. Chama kina katiba, kina mdhamini, kina kumbukumbu za mkutano, kina mama mmoja mkali ambaye haruhusu kura ipigwe kabla kila mtu hajaelewa. Ukitaka kujua kama Wakenya wanaielewa ridhaa, usiende maktaba, nenda Jumapili saa tisa kwenye mkutano wa chama. Watu wale wale wanaosoma mkataba wa nyumba neno kwa neno kwa sababu ya deposit, ndio wanaoambiwa hospitalini "ni ya kawaida tu" wakachukua kalamu. Sidhani ni ukosefu wa akili. Ni heshima iliyokosewa mahali: tunaogopa kumuuliza daktari, tunaona tutaonekana hatumwamini.

Mahakama zimeanza kutusaidia kuuondoa woga huo. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ilisema kumfungia mama hospitalini kwa kushindwa kulipa bili ni kinyume cha Katiba, na kesi hiyo ilitoka Pumwani. Mwaka wa 2022 ikaamua kwamba mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI aliyefungwa kizazi bila ridhaa ya kweli alivunjiwa haki zake. Hawa wote walikwenda mahakamani baada ya mambo kuharibika. Baraza la Majengo lilikaa kabla.

Nimalizie kwa shangazi, maana najua mnamngoja. Karatasi zile zilikaa mezani kwake siku tatu chini ya kopo la sukari, sukari ambayo hatakiwi kuila. Siku ya nne binamu yangu aliye chuo akaja, akamsomea kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari. Ikawa ni utafiti wa kisukari, wa maana kabisa. Ikawa pia kuna kisanduku cha kuchagua: je, damu itakayobaki inaweza kuhifadhiwa kwa tafiti nyingine za baadaye, ndiyo au la? Muuguzi hakukigusa kisanduku hicho kwa maneno. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba ya simu ya kamati ya maadili.

Shangazi akaipiga. Akazungumza na mtu kwa dakika kumi, kwa sauti ya juu, kama anavyozungumza na kila mtu kwenye simu. Kisha akachukua kalamu, akakubali utafiti, akakataa kuhifadhiwa. Nilipomuuliza kwa nini akasema ni damu yake, sababu anazijua yeye.

Fomu utakayopewa wewe nayo ina namba hiyo. Geuza hadi ukurasa wa mwisho, tazama chini kabisa, iko kwa herufi ndogo. Ipigie kabla hujachukua kalamu, na uombe nakala yako uende nayo nyumbani.